Jiko la Kiitaliano na jiko la Kichina kwa sufuria moja na karai moja: mwongozo kamili

Ukiingia mgahawa wa Kiitaliano au wa Kichina katika mji wowote mkubwa, utaletewa piza iliyozama kwenye jibini, au kuku aliyekaangwa kwa mafuta mengi kisha akamwagiwa rojo la sukari. Watu hula, hushiba, halafu husema vyakula hivi vinanenepesha. Mkulima wa Campania, kusini mwa Italia, wa miaka mia iliyopita asingekitambua chakula hicho. Kwake nyama ilionekana Jumapili na sikukuu. Siku nyingine zote zilikuwa za maharage, mboga za majani, mkate, tambi na mafuta ya zeituni. Familia ya shambani Guangdong, kusini mwa China, ilikula wali, mboga kwa wingi, na kipande cha samaki au nyama kilichokatwa vipande vyembamba kikawatosha wote mezani.

Uzuri wa majiko haya kwa afya umo katika mambo mawili: kipimo cha kila kitu kwenye sahani, na namna moto unavyotumika. Mambo hayo hujifunza mtu yeyote, na vyombo vyake unavyo tayari. Kama una sufuria nzito yenye mfuniko, karai, kisu kikali na jiko la gesi au la mkaa, unaweza kupika kila kilichomo humu.

Vyakula hivi vilikotoka

Wengi wamesikia kwamba Marco Polo ndiye aliyepeleka tambi Italia kutoka China. Si kweli, na tarehe zenyewe zinaonyesha. Marco Polo alirudi Venice mwaka 1295. Huko Genoa, orodha ya mali iliyoandikwa na mwanasheria mwaka 1279 inataja kikapu kilichojaa makaroni. Nyuma zaidi, mwaka 1154, al-Idrisi, mwanajiografia Mwislamu aliyefanya kazi kwa Mfalme Roger wa Pili wa Sicily, aliandika kuhusu Trabia karibu na Palermo: tambi zilitengenezwa pale kwa wingi na kupakiwa melini kwenda nchi za Waislamu na za Wakristo. Waarabu walikuwa wameitawala Sicily kabla ya hapo, na mkono wao katika tambi kavu, zinazosafiri bila kuoza, unaonekana waziwazi.

China nayo ina tambi zake, za zamani mno. Mwaka 2005 wanaakiolojia walitangaza bakuli lililofukuliwa Lajia, kaskazini-magharibi mwa nchi hiyo, likiwa limepinduka chini na ndani yake tambi za miaka 4,000 hivi. Watafiti walisema zilitokana na nafaka ndogondogo za jamii ya mawele, wala si ngano. Kwa hiyo kila upande ulifika kwenye tambi kwa njia yake.

Tena kuna jambo la kutuliza ubishi kuhusu upishi "halisi". Nyanya, ambayo leo ni roho ya jiko la Naples, ilitoka Amerika, na mapishi ya kwanza ya sosi ya nyanya kuchapishwa Italia yalitoka Naples katika miaka ya 1690. Pilipili kali, ambayo bila yake huwezi kusema Sichuan, jimbo la China linalosifika kwa chakula kikali, nayo ilitoka Amerika. Maandishi ya Kichina yanaitaja kwanza mwaka 1591, tena kama ua la bustani. Maharage mekundu na ya madoa yana asili hiyohiyo. Kabla yake Waitaliano walikula kunde zenye jicho jeusi, zao la Afrika, na Tuscany wanazila hadi leo. Kwa hiyo usiogope kupika chakula cha Kiitaliano kwa kunde.

Kuna somo moja la historia ambalo sisi walaji wa ugali tunapaswa kulijua vizuri. Polenta ya kaskazini mwa Italia ni ugali wa mahindi, hakuna tofauti ya maana. Katika karne ya 18 na ya 19 wakulima maskini wa Veneto na Lombardy waliishi kwa polenta karibu peke yake, na wakapatwa na pelagra: ngozi hukauka na kuchubuka, tumbo huharibika, akili huvurugika, na hatimaye mtu hufa. Francesco Frapolli, daktari wa Milan, aliuandikia ugonjwa huo mwaka 1771. Sababu yake ni upungufu wa niasini, vitamini ambayo katika mahindi imefungika na mwili hauwezi kuipata. Maharage, maziwa, mayai au nyama kidogo vingewaokoa. Basi mtu akikuambia chakula cha asili ni salama kwa kuwa ni cha asili, mkumbushe Veneto.

Kukaanga haraka kwenye karai nako kuna sababu yake. Mbinu hii ilienea sana China tangu enzi za Song (960 hadi 1279), na faida yake kubwa ni kubana kuni. Chakula kilichokatwa kidogokidogo huiva kwa dakika chache. Kupika kwa mvuke ni kukongwe zaidi. Vyungu vya mvuke vya udongo vinafukuliwa katika makazi ya kale kabisa ya nchi hiyo.

Pwani yetu haikuwa mbali na habari hizi. Mwaka 1415 Malindi ilimpelekea twiga mfalme Yongle wa China, na mabakuli ya kaure ya Kichina yalipachikwa kwenye makaburi ya nguzo kama yale ya Kunduchi. Malindi hiyohiyo, tangu miaka ya 1960 Waitaliano walipojenga kituo cha kurushia satelaiti pale Ngomeni, imekuwa na Waitaliano wengi kiasi kwamba vijana wa mjini wanaongea lugha yao. Na Somalia, kwa sababu ya ukoloni wa Italia, tambi ni chakula cha kila siku, na ndizi mbivu pembeni.

Afya: kilichothibitika na kinachotiliwa chumvi

Ancel Keys, mtafiti wa Kimarekani, alifika Naples mwanzoni mwa miaka ya 1950 akavutiwa na jinsi watu wa kazi za kawaida walivyokuwa hawasumbuliwi sana na moyo. Mwaka 1958 akaanza utafiti wa kulinganisha chakula na maradhi ya moyo katika nchi saba, Italia ikiwemo. Baadaye alihamia Pioppi, kijiji cha wavuvi cha Cilento, kusini mwa Italia, na alifariki mwaka 2004 akiwa na miaka 100. Utafiti wake umekosolewa, na ukosoaji una haki yake: watu wa nchi tofauti hutofautiana kwa mengi zaidi ya chakula. Ushahidi mzito zaidi ulitoka Hispania. Utafiti wa PREDIMED, uliochapishwa mwaka 2013, kisha ukasahihishwa na kuchapishwa upya mwaka 2018, uliwagawa watu zaidi ya 7,000 waliokuwa hatarini kupata maradhi ya moyo. Waliokula kwa mtindo wa nchi za Bahari ya Mediterania, kama Italia na Hispania, wakiongezewa mafuta ya zeituni au njugu kama lozi na jozi walipata shambulio la moyo, kiharusi au kifo cha moyo pungufu kwa takriban asilimia 30, wakilinganishwa na walioshauriwa kupunguza mafuta.

Tambi nazo zimesingiziwa. Tambi kavu za ngano ngumu (tangu mwaka 1967 sheria ya Italia inaagiza zitengenezwe kwa ngano hiyo) zina umbo lililoshikana, kwa hiyo wanga wake humeng'enywa polepole kuliko wa mkate mweupe. Zikiiva kupita kiasi faida hiyo hupungua. Ndiyo maana Mwitaliano huziepua zikiwa bado zinakataa kidogo chini ya jino. Na kipimo chake ni gramu 80 hadi 100 za tambi kavu kwa mtu mzima. Pakiti ya gramu 500 ni ya watu watano au sita.

Kwa upande wa China sifa na lawama huenda pamoja. Sun Simiao, tabibu mkubwa wa karne ya 7, alifundisha kwamba mgonjwa atibiwe kwanza kwa chakula, na dawa ifuate chakula kikishindwa. Mboga iliyopigwa moto dakika mbili inabaki na sehemu kubwa ya vitamini zake kuliko iliyotokoswa nusu saa na maji yakamwagwa. Lakini chumvi ni tatizo la kweli. Kijiko kimoja cha chakula cha sosi ya soya kina takriban miligramu 900 za sodiamu, na Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asivuke miligramu 2,000 kwa siku, yaani gramu 5 za chumvi. Vijiko viwili vya sosi hiyo karibu vinamaliza posho ya siku nzima. Mwenye presha asome mstari huo mara mbili.

Hatari nyingine ni moshi wa mafuta. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeuweka moshi wa kukaangia kwa joto kali katika kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani, na sehemu ya ushahidi ilitokana na wanawake wa China wasiovuta sigara waliougua saratani ya mapafu. Pika dirisha likiwa wazi, au nje kabisa, na mafuta yakianza kufuka sana epua karai.

Kuhusu glutamati, ile chumvi ya kuongeza ladha inayotupiwa lawama zote: iligunduliwa Japani na Kikunae Ikeda mwaka 1908, na ndiyo glutamati ileile iliyomo katika nyanya mbivu na jibini la parmesan. Si sumu. Ila ina sodiamu, kwa hiyo ukiitia punguza chumvi ya kawaida.

Kabla ya kuwasha jiko

Karai la chuma ndilo bora kwa upishi wa Kichina kwa sababu linashika joto. Likiwa jipya, lisugue kwa sabuni na stili waya, likaushe motoni hadi libadilike rangi, lipake mafuta membamba kwa kitambaa, lichome tena, na urudie mpaka liwe jeusi lenye kung'aa. Baada ya hapo lioshe kwa maji ya moto tu na ulikaushe juu ya moto. La aluminiamu linafaa pia, ila linashika joto haraka na kulipoteza haraka, basi pika kidogokidogo. Sufuria nzito ni ya upande wa Italia.

Mafuta ya zeituni ya daraja la juu yana bei. Usiyamalize kwa kukaangia. Kaangia ya alizeti, na ya zeituni mimina kijiko kimoja kwa kila sahani chakula kikishaepuliwa. Waitaliano wenyewe humalizia hivyo, na harufu yake huisikia vizuri zaidi. Kwa Kichina tumia ya alizeti au ya karanga. Ya karanga ndiyo ya Guangdong.

Nunua sosi ya soya iliyoandikwa kwamba imechachushwa kiasili, yenye maharage ya soya, ngano, maji na chumvi. Mrehani unaopandwa uani pwani ni jamii moja na ule wa Naples; tumia majani mabichi. Jibini la parmesan ni ghali, na maskini wa Sicily na Calabria hawakuwa nalo: walisaga mkate mkavu, wakaukaanga kwa mafuta kidogo na kitunguu saumu mpaka ukawa wa kahawia, wakanyunyizia juu ya tambi. Mimi naupendelea mkate huo hata jibini likiwepo.

Kwa wasiokula nguruwe wala kutumia pombe: mapishi mengi ya nchi hizi mbili yana mojawapo. Nyama ya ng'ombe au kuku inashika nafasi ya nguruwe bila shida, na divai unaiacha tu, ukiongeza tone la siki au ndimu. Wala si kwamba jiko la Kichina ni la nguruwe peke yake. Tambi za kuvuta kwa mkono za Lanzhou, zenye mchuzi mwangavu wa ng'ombe, figili, dania na mafuta ya pilipili, ni chakula cha Waislamu wa kabila la Hui, na zinaliwa China nzima.

1. Tambi na maharage, chakula cha shamba la Italia

Anza na hiki. Kinafundisha kuunga kwa Kiitaliano, na kina nafaka, jamii ya kunde na mboga katika sufuria moja. Kwa watu wanne utahitaji gramu 250 za maharage makavu, kitunguu maji kimoja kikubwa, karoti moja, bua moja la selari pamoja na majani yake, punje tatu za kitunguu saumu, nyanya tatu mbivu, kijiti cha rozmeri, gramu 150 za makaroni madogo (au spageti uzivunjevunje), na vijiko vinne vya mafuta (viwili vya alizeti vya kuungia, viwili vya zeituni vya kumalizia).

1. Loweka maharage usiku kucha. Asubuhi mwaga maji hayo, weka mapya, na yachemshe kwa nguvu si chini ya dakika 10 za mwanzo. Hasa mekundu yana sumu ya asili ambayo moto mdogo hauimalizi. Kisha punguza moto yapikike mpaka yawe laini kabisa. Chumvi tia yakikaribia kuiva. Maji ya mwisho usiyamwage.

2. Katakata kitunguu, karoti na selari vipande vidogo kama punje za mahindi. Bandika sufuria kwa moto mdogo, tia mafuta vijiko viwili, mimina mboga hizo na chumvi kidogo. Hapa ndipo pishi zima lilipo. Sisi tumezoea kuunga kwa moto mkali mpaka kitunguu kiwe cha kahawia. Mwitaliano hataki rangi hiyo. Funika, koroga mara kwa mara, acha dakika 12 hadi 15. Utaona kitunguu kinakuwa kama kioo, karoti inaachia rangi yake ya machungwa kwenye mafuta, na harufu kali ya kitunguu inageuka tamu. Zikianza kushika chini, nyunyiza kijiko cha maji. Kitunguu saumu kiingie dakika ya mwisho.

3. Tia nyanya zilizomenywa na kukatwakatwa, pamoja na rozmeri. Pika dakika 10 mpaka mafuta yajitenge pembeni.

4. Chota theluthi moja ya maharage, uyaponde kwa mwiko au kwenye kinu, urudishe ndani pamoja na mengine yote na maji yake. Uji huo wa maharage ndio unaoupa mchuzi uzito. Hakuna haja ya maziwa wala siagi.

5. Mchuzi ukichemka na ukiwa mwepesi kama supu, tia makaroni. Koroga mara nyingi, maana wanga utashika chini. Yakibakiza dakika moja kuiva, epua, ondoa rozmeri, funika dakika tano. Yatamalizikia humohumo.

6. Pakua. Mimina juu mafuta ya zeituni yaliyobaki, pilipili manga, na mkate wa kukaanga kama unao.

Kesho yake kitakuwa kizito kama ugali laini, na wengi Italia wanakipenda zaidi hivyo.

2. Spageti ya nyanya

Wengi huchemsha spageti, wakazichuja, wakazisuuza, kisha wakamwagia sosi juu. Kusuuza kunaondoa ule wanga unaofanya sosi ishike. Kanuni ya Waitaliano ni lita moja ya maji na gramu 10 za chumvi kwa kila gramu 100 za tambi. Nusu ya chumvi hiyo inatosha, na wenye presha waipunguze zaidi.

Wakati maji yanachemka, pasha vijiko vitatu vya mafuta kwa moto mdogo na punje mbili za kitunguu saumu zilizopondwa mara moja tu kwa ubapa wa kisu. Kikianza kupata rangi ya dhahabu kitoe, kwani kikiungua uchungu hautoki tena. Tia nyanya sita mbivu za mviringo mrefu, zimenywe na kuondolewa mbegu, chumvi kidogo, upike dakika 20. Spageti zikiwa zimebakiza dakika mbili kuiva, zitoe kwa uma kubwa moja kwa moja na uziingize kwenye sosi pamoja na upawa mmoja wa maji yake. Ongeza moto, geuzageuza kwa nguvu. Utaona maji, wanga na mafuta vinaungana kuwa rojo linalong'aa na kuzishika spageti. Chana majani ya mrehani kwa mkono, tia, na kula papo hapo.

3. Mboga za majani kwenye karai

Robo tatu ya kazi ya jiko la Kichina hufanyika kabla moto haujawashwa. Moto ukishawaka hutapata nafasi ya kutafuta chumvi.

Chukua gramu 400 za mchicha, sukuma wiki changa, chainizi au kabichi. Osha mapema, ukung'ute, uanike kwenye chungio mpaka maji yaishe kabisa. Mboga yenye maji haikaangiki, inatokota, na huo ndio ugonjwa wa mboga nyingi za karai majumbani. Tenga mabua na majani. Kata punje tatu za kitunguu saumu na kipande cha tangawizi cha ukubwa wa kidole gumba. Weka kila kitu mkononi: chumvi, kijiko kimoja cha chai cha sosi ya soya, maji robo kikombe.

1. Pasha karai tupu kwa moto mkubwa. Dondoshea tone la maji: likikimbia na kutoweka mara moja, karai liko tayari.
2. Tia kijiko kimoja na nusu cha mafuta, zungusha karai ili yapake kuta zake.
3. Kitunguu saumu na tangawizi viingie, sekunde 10 tu, mpaka vinukie.
4. Tia mabua, geuza bila kupumzika kwa dakika moja. Nyunyiza kijiko kimoja cha maji pembezoni. Mvuke wake utaivisha ndani ya bua.
5. Majani yafuate. Geuza mpaka yalegee huku yakibaki ya kijani kilichokolea, sekunde 30 hadi 60 kwa mchicha, zaidi kwa sukuma wiki.
6. Chumvi kidogo, sosi ya soya ipite ukingoni mwa karai, geuza mara mbili, epua.

Jiko la nyumbani halina nguvu ya lile la mgahawa, kwa hiyo usizidishe kipimo hiki kwa mara moja. Ukipikia watu wengi, rudia mara mbili. Kama unataka nyama ndani, gramu 150 zinatosha watu wanne: ikate vipande vyembamba ukikatiza nyuzi zake, changanya na kijiko cha chai cha sosi ya soya, kijiko cha chai cha wanga mweupe wa mahindi na mafuta kidogo, iache dakika 20. Ikaange kwanza peke yake, itoe, kisha irudishe mwishoni. Wanga huo unaifunika nyama na kuifanya iwe laini hata ikiwa ya bei nafuu.

4. Samaki wa mvuke wa Guangdong

Kwa watu wa pwani na wa ziwa, hiki nakiona ndicho chenye faida kuliko vyote humu, maana tumezoea kumkaanga samaki hadi akauke. Tafuta changu au sato wa gramu 600 hivi, mbichi kweli: macho angavu, mashavu mekundu ndani, nyama inayorudi ukiibonyeza. Mvuke hauna viungo vya kuficha samaki aliyelala.

Mparue, msafishe, mchanje mara tatu kila upande. Mlaze kwenye sahani ya bati juu ya vipande vya tangawizi. Weka kikombe cha chuma kilichopinduliwa ndani ya karai, maji yawe chini ya ukingo wake, uyachemshe mpaka yafoke, ndipo uweke sahani juu ya kikombe na ufunike. Hesabu dakika 8 hadi 10. Chokoa kwa uma karibu na mfupa wa mgongo: nyama ikiachia na ikiwa nyeupe, ameiva. Yale maji yaliyojikusanya kwenye sahani mwaga, ndiyo yenye shombo. Mfunike samaki kwa tangawizi na majani ya vitunguu vilivyokatwa nyembamba kama nyuzi, pasha vijiko viwili vya mafuta hadi yaanze kutoa moshi mwepesi, umwagie juu. Majani yatalia na harufu itapanda mara moja. Malizia na kijiko kimoja cha sosi ya soya kwa samaki mzima. Kula na wali mweupe na mboga ya karai.

5. Nyanya na mayai, kisha wali wa kiporo

Hili la kwanza ndilo pishi ambalo watoto wengi wa China hujifunza mapema, na ni la dakika tano. Kaanga mayai matatu yaliyopigwa, uyatoe yakiwa bado laini. Katika karai hilohilo pika nyanya mbili au tatu zilizokatwa vipande vikubwa, na chumvi na sukari kidogo sana, mpaka zitoe mchuzi. Rudisha mayai, geuza, nyunyiza majani ya vitunguu. Usiziache nyanya ndani ya karai la chuma baada ya kupika. Uchachu wake unachubua ule weusi uliouhangaikia.

Wali wa kukaanga unahitaji wali uliolala, uliokauka, punje zimeachana. Kaanga yai moja, tia vikombe vitatu vya wali, ponda mabonge kwa mgongo wa mwiko, ongeza karoti na njegere zilizochemshwa, majani ya vitunguu, chumvi kidogo. Sosi ya soya kijiko cha chai tu: wali wa Yangzhou, ulio maarufu kuliko wote, kwa kawaida ni mweupe na wa njano ya mayai, wala si wa kahawia.

Ila kiporo cha wali kina masharti. Kuna bakteria aitwaye Bacillus cereus ambaye mbegu zake hazifi wali unapochemka. Wali ukikaa sufuriani saa nyingi kwenye joto la nyumba, mbegu huota na kutoa sumu, na sumu hiyo haiharibiki hata ukiupasha wali upya kwa moto mkali. Basi mara baada ya chakula tandaza wali kwenye sinia upoe haraka, uingie kwenye friji ndani ya saa moja, na ukaangwe kesho yake. Nyumba isiyo na friji, pika wali wa kukaangia siku hiyohiyo, upoze kwa saa moja mahali penye upepo ukiwa umefunikwa kwa chandarua, uukaange mara tu saa hiyo ikiisha. Ukibaki tena, usiuweke.